Mhariri, tuwekeeni fumbo la solfa

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, Jumapili naanza na michezo, siasa naruka, afu nakwenda moja kwa moja kwenye chemshabongo, na leo naandika kuhusu huo huo ukurasa, hasa yale maswali ya muziki wa klasiki mnayoyabana pale chini kwenye kona. Beethoven alizaliwa mji gani. Mozart alifariki mwaka gani. Nani katunga Messiah. Jibu Bonn, jibu 1791, jibu Handel, nimemaliza na chai bado ya moto, na hata nisipojua mtoto wa dada yangu anagugo kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Sasa hapo bongo imechemka wapi jamani?

Ombi langu ni hili. Tuwekeeni fumbo la nota, yani muziki wenyewe uwepo gazetini, msomaji ausome, auimbe kimoyomoyo au kwa sauti kama yuko peke yake, afu aseme ni nini. Najua utaniambia hatuna mtu wa kuchora ile mistari mitano na vile vichwa vyeusi, nafasi yenyewe ndogo, mpanga kurasa ataacha kazi. Mistari haihitajiki. Hapa kwetu makwaya mengi ya kanisa yanaimba kwa solfa, na solfa ni herufi za kawaida, d r m f s l t, yani do re mi fa so la ti, hizo hizo mnazotumia kuandikia habari za bei ya mahindi.

Najua inawezekana kwasababu sisi tunafanya kwenye simu. Tuna grupu letu la WhatsApp, wengi tuliimba kwaya moja hapa Dar enzi za ujana afu maisha yakatutawanya, yupo shemeji yangu Mwanza anauza vipuri, yupo kaka mmoja Nairobi, dada yetu mmoja nesi yuko Muscat, kuna kijana anasoma Leipzig kule Ujerumani, na yupo mwalimu wetu wa kwaya wa zamani ambaye amestaafu na ndie anatuonea wote maana muda anao. Jioni mtu anatupia fumbo, wengine tunalifukuzia. Mwanzoni tulikuwa tunaulizana haya haya ya kwenu, nani kazaliwa wapi, nani ana watoto wangapi (Bach, watoto 20, swali hilo limechosha), ikawa mashindano ya nani ana bando lenye kasi. Grupu likaanza kufa, likabaki la stika za asubuhi njema na heri ya siku ya kuzaliwa. Siku hiyo mwalimu akatupia hii, bila salamu bila maelezo:

m m f s – s f m r – d d r m – m r r

Weee! Voisnoti zilivyomiminika, mtu yuko kwenye daladala anaimba, mwingine jikoni sufuria zinagonga nyuma, shemeji dukani anaimba mteja anasubiri plagi. Kila mtu aliujua, Wimbo wa Furaha wa Beethoven, ule wa simfoni ya 9 iliyopigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, mtunzi yuko palepale mbele ila masikio yameshakufa, ikabidi mwimbaji mmoja wa kike amgeuze aone watu wanavyoshangilia. Na hayo ya Vienna hakuna aliyeyauliza, yalikuja yenyewe baadae, maana mtu akishauimba wimbo anataka kujua umetoka wapi. Ndo utamu wa aina hii ya fumbo, unaanza na sauti, historia inafuata yenyewe.

Kesho yake shemeji akajiona mjanja akaleta hii:

m m m d – r r r t

Kimya. Mpaka usiku kimya. Mmoja akasema ni pambio la Kilokole, mwingine akasema ni kipande cha alto cha wimbo wa Kwaresma, mi mwenyewe nikaimba imba pale mezani mpaka mke wangu akauliza kama naumwa. Kumbe ni mwanzo wa simfoni ya 5 ya Beethoven, nota nne zinazojulikana kuliko nota zote duniani, ile pa-pa-pa-paaam! Tulikasirika kweli. Ila tulivyokaa kulijadili ndo tukaelewa kwanini lilitupiga chenga. Kwanza alituandikia bila mapigo, na wimbo ule ukiutoa mapigo haubaki kitu, maana uzuri wake wote uko kwenye tatu fupi moja ndefu, mpaka wakati wa vita ya pili BBC walikuwa wanaupiga kwenye matangazo ya kwenda Ulaya kwasababu herufi V kwenye simu za upepo, zile alama za Morse, ni nukta tatu na mstari, V ya ushindi. Pili ni wimbo wa huzuni, wa minor, na kwenye solfa minor tunaisoma kuanzia l, kwahiyo sikio linalotafuta do kama nyumbani linapotea njia. Mi nimeimba kwaya zaidi ya nusu ya maisha yangu na sikuwahi kuwaza hilo mpaka siku hiyo ya kuchezewa na muuza vipuri.

Tangu hapo tukaweka sheria kwamba mapigo lazima yaandikwe, nukta mbili kati ya pigo na pigo kama kwenye vitabu vya kwaya. Na hapo napo palikuwa na vituko vyake. Simu ya dada yetu wa Muscat ikiona nukta mbili zinafuatwa na d inaweka kikatuni kinacheka, basi siku alipotuma ile simfoni ya 94 ya Haydn, d d m m s s m, f f r r t t s, ilikuja imejaa vicheko kila pigo. Na kusema kweli imemfaa Haydn, maana wimbo wenyewe ni utani. Unapigwa polepole, unarudiwa chini chini zaidi, kama mtu ananyata, watu London mwaka 1792 wamekaa wametulia na nguo zao nzuri, mara okestra nzima inapiga BAAM! Swali la dada halikuwa jina la wimbo, alisema nota inayofuata ni ipi na kwanini siwezi kuiandika. Jibu ni kwamba nota unaweza kuiandika ila kishindo hakiandikiki. Swali zuri sana lile, nalikumbuka mpaka leo.

Haydn ametupa mafumbo mengi kuliko mtu yeyote. Kaka wa Nairobi aliuliza, simfoni ambayo wanamuziki wanazima mishumaa na kuondoka mmoja mmoja mpaka wanabaki wawili, walikuwa wanamwambia nini bosi wao? Ni ya 45, mwaka 1772, mwana mfalme Esterházy alikuwa amewaweka wanamuziki kwenye jumba lake la mashambani muda mrefu mno, wake zao wako mjini, na hakuna mtu wa kumwambia mkubwa usoni kwamba tumechoka tunataka likizo. Haydn akamwambia kwa muziki. Mkubwa akaelewa, wakaondoka. Kila mtu mwenye ajira kwenye grupu alilipata hilo bila hata kidokezo.

Sasa ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa huu, m s s – m r d – r m s m r. Polepole sana. Ukiuimba utaona unaujua, makwaya wanauimba hata misibani. Kaka wa Nairobi akasema huo ni wimbo wa watumwa wa Marekani, Dvořák, mtunzi wa Kicheki, aliusikia akauchukua akauweka kwenye simfoni yake ya Dunia Mpya, na akaapa. Mwalimu akasema hapana kijana, ni kinyume chake. Ikawa vita, watu wanatuma skrinishoti, mwingine anatuma klipu ya kwaya ya Marekani, saa sita usiku mtu anapigiwa simu kabisa. Mwisho ikathibitika mwalimu yuko sahihi, simfoni ilipigwa New York Desemba 1893, na yale maneno ya Goin' Home, ya kurudi nyumbani, yaliwekwa mwaka 1922 na mwanafunzi wa Dvořák mwenyewe aliyeitwa William Arms Fisher. Kwahiyo sauti ile ni ya Dvořák. Ila kaka wa Nairobi na yeye hakuwa mbali sana, maana kweli Dvořák alizipenda nyimbo za Wamarekani weusi na kwenye chuo alichokiongoza kulikuwa na mwanafunzi mweusi, Harry Burleigh, aliyekuwa anamuimbia, na alisema wazi kwamba muziki wa Marekani ujengwe juu ya hizo. Tukampa nusu pointi. Hajaridhika mpaka leo.

Nimesema haya kwa urefu ili uone, Mhariri, kwamba nyimbo wengi wanazo tayari masikioni hata wale wanaosema klasiki siijui. Jirani yangu mmoja anayejua mpira tu nilimuingiza kwenye grupu kwa wimbo mmoja, nikamwambia timu zinapojipanga pale uwanjani Champions League na ile kwaya inaanza, ile ni nini? Akasema ni ya UEFA. Sawa, Tony Britten aliitengeneza mwaka 1992, ila aliichukua kutoka kwa Handel, wimbo wa mwaka 1727 wa kumtawaza mfalme George wa pili, na maneno ya Handel yanatoka kitabu cha Wafalme, kuhani Sadoki na nabii Nathani wanamtia Sulemani mafuta. Unaimbwa mpaka leo Mwingereza akitawazwa, hata mwaka 2023 waliuimba. Yule bwana alikaa kimya afu akasema kwahiyo mi kila Jumanne nasikiliza Handel? Ndio, na Jumatano pia. Siku hizi ndie anayeongoza kwa pointi mwezi huu na ananikera.

Wazee wa grupu wao mlango wao ulikuwa kombe la dunia la 1990 Italia, lile la Roger Milla, maana kuna Pavarotti na Nessun dorma, ule wimbo wa kwenye opera ya Puccini. Ukiwagusa hapo hawanyamazi. Dada wa Muscat akawapiga na swali gumu, opera hiyo Turandot ilipooneshwa mara ya kwanza Milano Aprili 1926, kwanini mwongoza okestra aliweka fimbo chini katikati ya kazi? Kwasababu Puccini alifariki 1924 kabla ya kuimaliza, mtu mwingine akamalizia, na Toscanini usiku ule wa kwanza akaishia pale Puccini mwenyewe alipoishia. Dada alilijua kwasababu jumba la opera la Muscat lilifunguliwa 2011 kwa opera hiyo hiyo, na yeye amepita pale nje mara kibao akienda kazini. Sasa ona, nesi wa Tanzania yuko Oman anamfundisha muuza vipuri wa Mwanza habari za Milano. Sijui gazeti gani lingewakutanisha hao watu.

Nirudi kwenye malalamiko kidogo, usinichukie. Mwezi uliopita mliuliza nani katunga ule wimbo wa watoto wa nyota inayometameta, d d s s l l s, na jibu mkaweka Mozart. Hapana. Ule ni wimbo wa zamani wa Kifaransa, Mozart aliuchukua akiwa mtu mzima akauchezea kwa namna 12 tofauti kwenye piano, basi, ila jina lake ni kubwa likaumeza wimbo. Na hiyo inatokea mara nyingi mno, mpaka sisi tumeweka sheria kwamba fumbo ambalo kila mtu anadhani anajua jibu ndo lenye pointi mbili. Ile Adagio ya Albinoni inayopigwa kwenye filamu kila mtu akifa, Albinoni alifariki 1751 na wimbo ulitolewa 1958 na msomi wa Kiitaliano Remo Giazotto, ambae mwanzo alisema ameujenga kutoka kwenye kipande alichokikuta. Ile Minuet ya G ambayo kila mtoto anayejifunza kinanda anaambiwa ni ya Bach, ni ya Christian Petzold, Bach na mkewe walikuwa nayo tu kwenye daftari la nyumbani. Ile ya tarumbeta ambayo bibi harusi anaingilia kanisani, miaka na miaka watu walisema Purcell, ni ya Jeremiah Clarke. Sonata ya Mbalamwezi, Beethoven hakuiita hivyo, jina lilitoka kwa mwandishi mmoja, Rellstab.

Na Haleluya. Hii inawahusu makwaya wote. Tunasimama sivyo? Ikifika Haleluya ya Handel, ile ya kwenye Messiah, kanisa zima linasimama, hata wageni wa harusi wanasimama wakidhani ni wimbo wa taifa. Ukiuliza kwanini utaambiwa mfalme George wa pili alisimama London kwa kuguswa na kila mtu akalazimika kusimama. Tumelichimba hilo wiki nzima. Habari yenyewe inatoka kwenye barua ya mwaka 1780, ya mtu anaitwa James Beattie, anasimulia alichoambiwa kuhusu jambo la 1743, na hakuna ushahidi wa wakati ule ule unaoonesha hata kama mfalme alikuwepo ukumbini. Mhariri, mwandishi wako akikuletea habari ya miaka 37 iliyopita kwa mdomo wa mtu ambaye hakuwepo, utaichapa? Mi naendelea kusimama lakini, mwalimu ameniambia nisilete ujuaji kanisani.

Cha kweli kuhusu Messiah kinachekesha zaidi. Handel aliiandika kwa siku 24 mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na gazeti la pale lilitoa tangazo kuwaomba kinamama waje bila zile pete za kutanulia magauni na wanaume wasije na mapanga, ili watu wengi zaidi waenee. Pesa nyingine zikaenda kuwatoa watu waliofungwa kwa madeni. Swali la kinamama wavue nini lilileta majibu ambayo admini alilazimika kuyafuta.

Kuhusu kugugo. Najua mtasema hata solfa mtu atagugo tu. Ajaribu. Ukiandika herufi hizo unaletewa mambo ya ajabu, matangazo ya saruji. Kweli siku hizi ukiiimbia simu mmm mmm inaweza kukutajia wimbo, ila ili uiimbie lazima kwanza usome nota, uzibadilishe kuwa sauti, uziimbe sawasawa, na ukishaweza hivyo kazi yote umeshaifanya mwenyewe, hiyo simu inakuandikia jina tu. Sisi kwenye grupu tunaruhusu kugugo baada ya mtu kutuma voisnoti anaimba. Wengi wakishaimba hawahitaji tena.

Kuna watakaoandika kwamba huu ni muziki wa Wazungu na gazeti la Kiswahili halina haja nao. Hao siwajibu kwa kirefu. Mungu Ibariki Afrika tunayoimba ni kazi ya Enoch Sontonga, mwongoza kwaya wa Johannesburg, 1897, na aliifanya kwa lugha hiyo hiyo ya sauti nne za makwaya. Nairobi pale Korogocho, Ghetto Classics wanafundisha watoto violini na tarumbeta toka 2008, waende wakawaambie wale watoto kwamba Beethoven si wao. Hoja iliyonisumbua kweli ni ya rafiki yetu wa Unguja anayepiga fidla kwenye taarab, alipoalikwa kwenye grupu akatuambia solfa yenu masikini, haina nafasi ya sauti zetu. Akapiga Bayati, ngazi moja ya sauti za Kiarabu, kwenye voisnoti, nota ya pili iko katikati, sio r wala sio ile ya chini yake, iko kati kabisa, na kweli hakuna herufi ya kuiandika. Tulijaribu tukashindwa. Yeye ana haki, kwahiyo taarab itafutiwe njia yake, mkiweza muulizeni yeye, ana maswali ya Siti binti Saad na zile santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 ambayo yatawatoa jasho watu.

Sasa mambo ya kazi, maana sitaki useme nimeleta ndoto tu. Wimbo mmoja unaingia kwenye mistari miwili ya safu moja. Weka ufunguo juu, Do ni G au Do ni F, weka nukta mbili kati ya mapigo, kistari kwa nota inayoendelea, alama ndogo juu ya herufi kwa sauti ya juu na chini ya herufi kwa sauti ya chini. Mwambie mpanga kurasa asitumie fonti isiyo na vikia, maana l ya la inafanana na namba 1 na I kubwa, na msomaji atakaa anaimba moja. Mwambie pia azime ile tabia ya kompyuta kujisahihishia, inapenda kuanza sentensi kwa herufi kubwa na D kubwa kwenye solfa haina maana. Kwa vijana ambao hawajaimba kwaya, kisanduku kidogo cha d r m f s l t na mfano mmoja kinatosha, wataokota haraka, mtoto wa dada yangu alishika jioni moja. Na tafadhali jibu lisiwekwe kichwa chini miguu juu ukurasa huo huo, liwekwe Jumapili inayofuata. Sisi jibu linasubiri mpaka Muscat atoke zamu na Leipzig atoke darasani, na muda huo wa kusubiri ndo muda ambao wimbo unakusumbua kichwani ukiwa unafua, ukiwa kwenye foleni Ubungo.

Na hii ya kuchapika kirahisi sio bahati. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich Uingereza, ndie aliyeanza kuwafundisha watoto kwa herufi badala ya mistari, mchungaji John Curwen akauchukua mfumo miaka ya 1840, akaunyoosha, na moja ya sababu ulienea hivyo ni kwamba mchapaji yeyote mwenye herufi za kawaida angeweza kuuchapa kwa bei ndogo. Curwen alifungua mpaka kiwanda chake cha uchapaji. Wamisionari wakaubeba ukafika huku. Kwahiyo ni mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya watu kama nyie wenye mashine za kuchapa maneno.

Na kwa kuwa tuko kwenye uchapaji, kijana wa Leipzig alitupa fumbo moja ambalo naona lilikuwa la kwako hata kabla hujazaliwa. s d d t d m m r, s s s f m r m. Krismasi kila kanisa linaimba, malaika wanatangaza mfalme amezaliwa. Swali, sauti hii ilitungwa kwa sherehe gani? Watu wote, Krismasi. Hapana. Mendelssohn aliitunga mwaka 1840 kwa sherehe za miaka 400 ya uchapaji wa Gutenberg, wakaiimba pale Leipzig sokoni nje na matarumbeta, wimbo wa kumsifu mtu wa mashine ya kuchapa. Na yeye mwenyewe aliandika baadae kwamba sauti ile ingefaa maneno mengine ya furaha na ya watu wote ila kwa maneno ya dini haitafaa kabisa. Amefariki 1847, mwaka 1855 mpiga kinanda mmoja Mwingereza, William Cummings, akaiunganisha na maneno ya Krismasi, ikashika dunia nzima. Kijana akatutumia picha ya hilo soko, siku hizi watu wanauziana maua na soseji. Huo ni wimbo wa wachapaji Mhariri, wa kwenu, mnauimba kila mwaka hamjui.

Basi mi sidai malipo. Mkikubali naweza kuwaletea mafumbo kila wiki, na mwalimu amesema atayapitia kabla hayajatoka ili tusije tukaandika Mozart pasipo Mozart. Mkiona ni mzigo angalau jaribuni mara moja. Nawapa la kuanzia hapa hapa, Do ni F, mapigo matatu, polepole, herufi yenye alama ni ya juu:

m m s – m m s – m s d' t l l s

Mjerumani, 1868, na kama mmewahi kununua mdoli wa mtoto unaopiga muziki ukibonyezwa tumbo mmeshausikia mpaka mmechoka. Wasomaji jibu msinitafute mimi, mpelekeeni Mhariri, mmjazie meza ajue tupo.

Mwimba besi,
Tabata, Dar es Salaam